Nyumba Isiyolala Mtu

Tarbell,
Jumapili, 8 Juni

Ndugu yangu mpenzi Royce,

Salamu zangu zikufikie huko Alaska, wewe na baridi yako, na zikukute ukiwa mzima wa mwili na wa moyo. Natumaini lile bega uliloumia kwenye bomba la mafuta limepona, na kwamba unakula chakula cha maana, si biskuti na kahawa tu. Huku kwetu hatujambo, kwa ile hatujambo ya kuambiana barabarani. Lyle anakohoa tangu majira ya kugema utomvu wa miti na hataki kwenda kwa daktari. Anasema mume wa mpishi hafi kwa kikohozi. Asali ya mti tuliyoipika kwa utomvu huo mwaka huu ilikuwa kidogo lakini nzuri, nimekuwekea chupa. Jikoni shuleni bado wananipenda na bado wananilipa vibaya. Baba ana nguvu, anakula, na amenenepa kidogo usoni. Habari zake nyingine ziko mbele.

Kila ukipiga simu unaniuliza habari za nyumba, nami nakujibu kwamba ipo. Mara ya mwisho uliniambia sauti yangu si ya mtu anayesema kweli. Ulipatia, mdogo wangu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nyamaza Orpha, nami ningenyamaza kweli, na habari ingebaki nusu. Soma mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia. Ukishafika mwisho, kasirika utakavyo.

Ulipoondoka uliniomba jambo moja tu, kwamba niishike nyumba ya Baba pale juu kilimani mpaka mkataba wako uishe, urudi ukae humo. Nilikuahidi tukiwa tumesimama barazani, theluji ikidondoka kutoka paani hadi shingoni kwangu, ukanicheka. Nakumbuka hata koti ulilovaa.

Unakumbuka pia tulivyofikia kumtoa Baba nyumbani. Mwezi wa kumi mwaka jana alitoka na ndoo alfajiri kwenda kuchota maji kwenye kisima kilichofukiwa tangu tukiwa watoto, na Wendell Pike akamkuta amepiga magoti kwenye majani yenye barafu, anauliza ni nani aliyeiba kisima. Tukakubaliana wewe nami kwamba hawezi kukaa peke yake tena. Ile nyumba ya wazee ya Dunmore hupokea kwanza wakaazi wa wilaya yao, kwa hiyo nilitia sahihi ili Baba ahesabiwe mkaazi wa Dunmore, na karani wa mji wetu akalifuta jina lake katika daftari la wapiga kura la Tarbell. Nilikusimulia siku ileile. Ukasema ni karatasi tu, na mimi nikasema hivyohivyo.

Sasa sikiliza mambo yaliyoanza baada ya Krismasi. Hollis Crane, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alileta hoja kwamba mji uwapunguzie ushuru wa nyumba wale wenye nyumba wanaolala ndani ya nyumba zao mwaka mzima. Pengo litakalobaki lizibwe na nyumba nyingine zote, zile ambazo mwenyewe halali humo. Alikuwa anawalenga watu wa ziwani. Unawajua, wanaokuja na mbwa wao na mvinyo wao, wanakaa majira ya joto, kisha wanafunga madirisha kwa mbao na kutuachia mashimo ya barabara. Ndivyo Hollis alivyokuwa akihubiri kila Jumamosi kule jalalani, ambako unajua ndiko siasa za mji huu hupikwa, watu wakiwa wameshika mifuko ya taka. Wendell akamjibu mbele ya watu wote, “Hayo mashimo si ndiyo yanayokuuzia kokoto, Hollis? Ungewashukuru.” Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka, lakini walipopanda magari yao wengi walikuwa upande wa Hollis. Nani hataki kupunguziwa?

Ina Stoddard wa dukani naye, kwa kuwa hawezi kuona ugomvi asiutie chumvi, akaweka mitungi miwili ya kioo kwenye meza yake ya kulipia, na bakuli la maharagwe makavu katikati. Ukinunua kitu unatia harage moja, mtungi wa ndiyo au mtungi wa hapana. Basi mji mzima ukawa hauna kazi nyingine. Waliokuwa na mkate nyumbani walikwenda kununua mkate. Bibi Stoddard alisema haangalii mkono wa mtu, na kwa wiki nzima alitusimulia nani alitia wapi. Mtungi wa ndiyo ulijaa hadi shingoni, ule wa hapana ulikuwa na maharagwe ya kufunika kitako tu, na mojawapo lilikuwa langu.

Nilitia hapana, na sababu yangu ilikuwa nyumba yetu. Tangu Baba ahame, ile nyumba hailali mtu. Hoja ikipita, nyumba itahesabiwa kundi moja na nyumba za ziwani, na mshahara wangu wa jikoni na kile unachotuma wewe visingeweza kuibeba. Nilifikiria mimi na Lyle tuhamie kule, nikaenda kuuliza, nikaambiwa ni lazima mwenye hati ndiye alale humo, na hati ni ya Baba. Kumpangisha mtu hakungesaidia, maana nyumba za kupangisha nazo zilikuwa kwenye kundi lilelile. Sikumwambia mtu yeyote sababu yangu. Mimi ndiye mwenyekiti wa mkutano wa mji, na unajua Baba alivyonifundisha aliponikabidhi ile nyundo ya mbao: mwenyekiti hana baba wala mama mpaka mkutano ufungwe.

Aliyegeuza mambo ni Corinne Beaulieu. Sidhani unamjua, alikuja ulipokwisha kuondoka. Ni mama wa binti mmoja, Josie, amepanga vyumba viwili juu ya duka la Hollis, na kazi yake ni kutunza wazee kule Dunmore. Ndiye aliyekuwa akimtunza Baba. Ndiye pekee ambaye Baba alikubali amnyoe ndevu. Alimwita “binti wa pale juu”, akidhani ni mmoja wa watoto wa jirani zetu wa zamani, naye Corinne akamwachia adhani hivyo. Siku nilipokwenda nikamkuta anamlisha uji huku Baba akimsomesha namna ya kupanga kuni zisioze, nilitoka nje nikasimama kwenye theluji kwa muda.

Corinne hakuwa mtu wa kelele. Lakini siku moja pale dukani Hollis alikuwa akijisifu, Corinne akiwa kwenye foleni na maziwa yake, akamuuliza taratibu kama lile jengo la juu ya duka litakuwa kundi gani. Hollis akasema, basi, analala kwingine yeye, kwa hiyo ushuru wake utapanda. Corinne akauliza, ukipanda nani atalipa. Hollis akakohoa. Akasema biashara ni biashara, bibi. Corinne akatia harage lake kwenye mtungi wa hapana, akalipa maziwa akaondoka. Nakuambia, kuanzia siku ile mtungi wa hapana ulianza kupanda. Mji huu una wapangaji wengi kuliko tunavyokumbuka, yule mwalimu wa darasa la kwanza, yule kijana wa gari la theluji, wajane wawili pale kwenye nyumba ya zamani ya mchungaji. Na hata wenye nyumba walianza kuona aibu kula punguzo linalotoka kwenye sahani ya Corinne. Mpaka mwisho wa Februari mitungi ilikuwa sawa kwa macho, na watu walikuwa hawasalimiani vizuri kanisani.

Ikaja siku ya mkutano, Jumanne ya kwanza ya Machi kama kawaida. Bibi Stoddard, ili kuleta amani, alikuwa ameyamwaga maharagwe ya mitungi yote miwili kwenye chungu kimoja, akayaoka usiku kucha kwa nyama ya nguruwe na asali ya mti, akayaleta kwa chakula cha mchana. Basi tukakaa kwenye meza ndefu tukala maoni yetu. Wendell akasema harage lake la ndiyo analitambua kwa ugumu. Ilikuwa mara ya mwisho siku ile kucheka.

Baada ya chakula tukarudi ukumbini kwa hoja ya Hollis. Nilikuwa nimesimama jukwaani nikipanga karatasi, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Corinne amemshika Baba mkono.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, akapita Dunmore asubuhi kuchukua mshahara, akamkuta Baba amesimama mlangoni tangu alfajiri, amevaa koti na kofia, analia. Alikuwa amesikia theluji ikidondoka kutoka paani akajua ni Machi. Aliwaambia wahudumu kwamba hajawahi kukosa mkutano wa mji tangu arudi kutoka vitani na hataanza leo. Walimvua koti, akalivaa tena. Corinne akamwombea ruhusa. Alisema hakufikiria kura hata kidogo, alifikiria machozi.

Wasio wapiga kura, unakumbuka, hukaa kwenye benchi la ukutani, chini ya goli la mpira wa kikapu, na mmoja wao akitaka kusema ni lazima mwenyekiti auombe mkutano ruhusa kwanza. Corinne alijaribu kumwongoza hadi kwenye lile benchi. Baba akamtazama kama mtu aliyeonyeshwa choo cha kike. Akapita katikati ya ukumbi hadi mstari wa tatu, kiti cha pembeni, kiti chake. Kijana aliyekuwa amekikalia aliinuka akampisha. Baba akakaa, akavua kofia, akanipungia mkono mimi mwanawe pale juu, kwa fahari.

Ningepaswa kumsogeza palepale. Ilikuwa kazi yangu. Nikajiambia kukaa si kosa, kiti ni kiti.

Hollis alisema yake. Kisha Corinne akainua mkono, akasimama mbele ya mji mzima kwa mara ya kwanza, mikono imeshikana. Alisema maneno machache na sauti yake haikufika nyuma, watu wakanyamaza ili wamsikie. Alisema, “Mimi pia nalala hapa. Moshi wangu nanyi mnauona kila asubuhi, ila dohani ni ya Hollis. Mnasema mnampunguzia anayekaa. Na mimi ninayekaa, mnaniongezea. Sasa niambieni, mimi siku zote hizi nimekuwa wapi?” Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini niliona vichwa vinamkubalia, hata vya wenye nyumba zao. Nilijua hoja imekufa. Nakiri moyo wangu ulifurahi, na haukufurahi kwa ajili ya Corinne, bali kwa ajili ya nyumba yetu.

Ndipo Baba akainua mkono.

Ningepaswa kusema, wajumbe, huyu bwana si mpiga kura wa mji huu, je, mnamruhusu aseme? Wangeruhusu wote, hata mbwa wangeruhusu. Lakini maneno hayo yangekuwa yametamkwa mbele yake, na mimi ndiye ningeyatamka. Badala yake nikasema, “Mzee Alden Thurber, wa kilimani.” Kama nilivyomwita kila mwaka.

Royce, natamani ungemsikia. Zile sentensi zake ambazo siku hizi hupotelea njiani, siku ile zote zilifika. Aligeuka kuutazama ukumbi, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake, akasema:

“Mwenyekiti, majirani. Nakaa pale juu tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ule mwaka theluji ilipovunja daraja, nani alitoka na koleo? Si walitoka wale ambao taa zao zilikuwa zinawaka? Mkewe Pike aliposhikwa na uchungu, nani alimfikisha kwa mkunga? Nyumba ni ile ambayo mtu analala ndani akaamka akamsikia mwenzake akiita. Isiyolala mtu si nyumba, ni mbao na misumari. Hiyo mtozeni, sina huruma nayo. Lakini anayelala humo mwacheni alale, maana mzee akisukumwa na ushuru hadi akatoka kwake, hamumrudishi tena.” Akatulia kidogo, nikadhani amepotea. Kisha akatabasamu. “Leo asubuhi nimewasha jiko kabla sijaja. Mkitoka hapa tazameni juu, mtauona moshi wangu.”

Kutoka kwenye madirisha ya ukumbi ule kilima kinaonekana chote, unajua. Dohani yetu ilikuwa pale, nyeusi, na theluji imekaa juu yake kama kofia. Hakuna mtu aliyegeuka kutazama. Hata mmoja, Royce. Watu wote walitazama magoti yao. Bibi Stoddard alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

Nikaita kura ya sauti, ndiyo na hapana zikalingana masikioni mwangu. Nikaagiza wasimame wahesabiwe. Wendell Pike ndiye aliyehesabu upande ule wa ukumbi. Wa ndiyo wakasimama, na Baba akasimama nao, wima, kofia kifuani. Wendell akaja akihesabu kwa kidole mstari baada ya mstari mpaka wa tatu, kidole kikasimama hewani mbele ya Baba. Akanitazama. Wendell alijua, alikuwa shahidi wangu siku niliyotia ile sahihi. Karani wa mji, pembeni yangu, alijua. Hollis alijua, na kwa heshima yake nitasema alikuwa mwekundu kama nyanya. Nusu ya mji ilijua.

Niliinamisha macho kwenye karatasi zangu. Kidole cha Wendell kikaendelea.

Kisha nikawaita wa hapana, na Corinne akasimama, yeye aliyekuwa amekaa muda wote nyuma ya Baba ili amdake akiyumba. Alinitazama kama nilivyotazamwa na Wendell. Yeye ndiye aliyembadilishia Baba shuka asubuhi zote za kipupwe kile, kwenye kitanda cha Dunmore. Angesema neno moja tu. Nilisubiri aliseme, Mungu anisamehe, nilitamani aliseme yeye ili nisiliseme mimi. Hakusema. Alimwinamia Baba akamwambia kitu sikioni, Baba akacheka, akampigapiga mkono.

Ndiyo zikazidi kwa kura moja.

Sasa nakuambia lile ambalo sijamwambia hata Lyle. Bila Baba, kura zingelingana, na zikilingana mwenyekiti ndiye anayeamua. Ningesema hapana. Ningeiokoa nyumba, na Corinne angeokolewa nayo kwa bahati. Niliuliza kama yupo mwenye pingamizi juu ya hesabu, kama taratibu zinavyotaka, nikaacha nafasi ndefu kuliko kawaida. Ukumbi mzima ulikaa kimya. Wale walioshindwa ndio waliokaa kimya zaidi. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumwambia mzee Alden Thurber kwamba hakai tena Tarbell. Nikapiga nyundo. Nilichagua Baba asiaibike mbele ya majirani zake, na kwa kuchagua hivyo nikaitupa nyumba yake, na ahadi niliyokupa, na vyumba vya Corinne. Yote hayo kwa pigo moja la mti juu ya meza. Baba alipiga makofi. Mkutano ulipofungwa alikuja akanishika bega, akaniambia niliuongoza vizuri, sikuwa na baba wala mama. Nililia nikiwa nimekumbatia koti lake, akadhani nalia kwa furaha.

Niliwaza kwenda kusema kesho yake. Nilifika mpaka mlangoni kwa karani. Nikaona kama nitasema, watauita mkutano mwingine, na habari itafika Dunmore, maana hakuna siri inayolala Tarbell. Nikarudi nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, nami ndiye niliyekuwa nimeshika ndoo.

Hollis aliongeza kodi ya pango ya Corinne kuanzia mwezi wa tano. Sikumlaumu, ningemlaumu kwa mdomo upi. Corinne amehama na Josie, wamekwenda kwa binamu yake kwenye mji wa viwanda kule chini mtoni, na kazi ya Dunmore ameiacha kwa sababu ya umbali. Nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Nikamuuliza, tukiwa tumeinamia sanduku la sahani, kwa nini hakusema siku ile. Aliendelea kufunga sahani kwa magazeti. Kisha akasema, “Ningesema nini, dada? Kwamba hana kwao? Neno hilo nisingelianza mimi. Wewe ndiye uliyelitilia sahihi.” Hakulisema kwa ukali. Alinipa hata maua yake ya chungu, nikayatunze. Afadhali angenipiga kofi.

Na nyumba, Royce, nimeiuza. Nina hati ya kumsimamia Baba mambo yake, uliikubali mwenyewe, na sikukuuliza kwa kuwa nilijua utauza gari lako na bega lako ili uizuie, na bado isingetosha. Makadirio mapya ya ushuru yalipokuja niliyasoma nimesimama, nikakaa. Walioinunua ni mtu na mkewe kutoka Boston, si watu wabaya, wanapenda ile mandhari ya ziwa kutoka dirisha la chumba chako. Watakuja Julai na Agosti. Wameshalitoa jiko la kuni kwa sababu linakula nafasi. Nilimwomba yule mume aniachie, likaletwa kwenye banda letu, lipo pale limefunikwa turubai, na Lyle hajaniuliza la nini. Meza ya jikoni nimekuwekea. Na ule mlango wa stoo wenye alama za urefu wetu tulipokuwa tunakua, nimeung'oa kabisa, nikawawekea mwingine.

Sijui utanisamehe lini, sikuombi leo. Ila nina ombi moja, na hili ni kwa ajili yake. Baba anasahau jina langu siku nyingine, lakini siku ile ya mkutano hajaisahau. Kila Jumapili nikifika ananiuliza kama tulishinda. Namwambia tulishinda, Baba. Ananiuliza kwa kura ngapi. Namwambia kwa moja. Anapiga goti lake kwa kiganja na kuwaeleza wahudumu, na wazee wenzake mezani, kwamba mji wake umempunguzia ushuru na sasa hatatolewa kwake mpaka atolewe ndani ya jeneza, mabegani mwa watu wanne. Kisha anauliza binti wa pale juu yuko wapi, mbona haji kumnyoa. Namnyoa mimi. Mkono wangu haujazoea, humkata, naye huvumilia. Ukija kumwona, na nakusihi uje, tafadhali usimweleze chochote, na usimpitishe barabara ya kilimani.

Nitaishia hapa maana karatasi zinakwisha na macho nayo. Lyle anakusalimu, Bibi Stoddard anakusalimu na anauliza kama huko kuna maharagwe. Wendell anakusalimu, ingawa siku hizi tukikutana jalalani yeye nami tunaangaliana viatu. Vaa nguo nzito, andika hata kama ni kunitukana.

Na Baba anakusalimu sana. Leo nilipomwambia nakuandikia alinishika mkono ili nisikosee, akanipa neno kwa neno: mwambie Royce arudi theluji haijaanza, kitanda chake kiko palepale, na jiko mimi naliwasha kila asubuhi, akifika kwenye kona ya daraja atazame juu, atauona moshi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Orpha